Jiwe Linaloogopa Ndimu

Jikoni kwa mama yangu, mjini Kolwezi, palikuwa na kibao cha malakiti, lile jiwe la kijani, chenye upana wa sinia, kimepachikwa kwenye fremu ya mti mwekundu wa mukula. Hapo ndipo palipokaa mtungi wa maji na bilauri zake. Hakuna aliyeruhusiwa kukatia kitu juu yake. Siku moja mgeni alikamulia samaki ndimu hapo hapo, akapangusa, akadhani yamekwisha. Asubuhi tukakuta madoa yaliyofifia, mithili ya jicho lililoingia mtoto.

Mama alikifunga kibao ndani ya kitenge tukakipeleka Mutoshi, kwa mzee aliyechonga malakiti uani kwake.

Hakukitazama kwanza. Alikipapasa kwa kiganja, macho yakiwa kwingine, kisha akadondosha matone mawili ya maji. Penye uzima tone lilisimama duara. Penye doa lilitandaa, jiwe likawa jeusi. "Mwanangu, unaona? Hapa linakunywa," alisema. "Likinywa maji, kesho litakunywa mawese."

Msasa wake ulikuwa umepangwa mkekani, kuanzia unaokwaruza hadi ule laini kama karatasi, na pembeni beseni la maji. Malakiti haisuguliwi ikiwa kavu, maana vumbi lake lina shaba na ni sumu kifuani. Alizungusha mkono polepole bila kukaza, maji yakageuka kijani kama ya sombe inayotwangwa. Kila alipobadili msasa aliosha jiwe na vidole vyake vyote, kwa kuwa chembe moja ya msasa mkali ikibaki huchora mstari ambao utamlazimu kuanza upya. Pete za jiwe zikarudi moja baada ya nyingine: kijani kinachokaribia weusi, kijani cha jani changa, tena cheusi. Kazi ilikula alasiri mbili. Mwishoni alikianika juani kikapata vuguvugu, akapaka nta ya nyuki, akangoja, akasugua kwa kitambaa cha pamba hadi kitambaa kikaanza kuteleza chenyewe.

Akamkanya mama: siki, ndimu, nyanya, sufuria ya moto, sabuni kali, vyote mbali. Kitambaa chenye maji, kisha kikavu. Nta, kila mvua zinapokwisha.

Mafundi wa zamani wa Katanga, wale waliokuja kuitwa walaji shaba, waliijua malakiti kabla ya Union Minière kuundwa mwaka 1906. Waliiyeyusha katika tanuri za udongo wa kichuguu wakatoa misalaba ya shaba. Kwa hiyo sisemi kuyeyusha jiwe ni jambo geni kwetu. Lakini palikuwapo pia mkono uliojua jiwe lipi libaki jiwe.

Mkono huo siuoni tena. Leo jiwe zuri likiokotwa hupelekwa kwa mnunuzi, likaelekezewa Metorex, kile kifaa cha kupimia madini, namba ikasomwa, likatupwa guniani. Karibu asilimia 57 ya uzito wa malakiti safi ni shaba, basi nani atazihesabu pete zake? Kiwandani husagwa na kumwagiwa asidi ya salfuriki hadi shaba itoke. Kilichoanzwa na ndimu juu ya kibao chetu, asidi hukimaliza. Mchimbaji simlaumu: watoto wake wanangoja bukari.

Lawama yangu iko kwetu wenye majiko mapya ya granite. Granite ni ngumu kuliko malakiti, na ndimu haiiumizi hivyo. Lakini nayo hunywa mafuta. Tunalipia jiwe kwa fedha nyingi, fundi analipaka dawa ya kuziba vitundu siku ya kwanza, kisha tunalisahau miaka. Doa la mawese likizama tunasema tumeuziwa jiwe baya, tunataka lingine. Jiwe lilikuwa zima. Sisi ndio hatukulitunza.

Mzee alishafariki, na katika wanawe hakuna aliyeshika msasa. Kibao ninacho mimi. Nakipaka nta kila mvua zinapokwisha, ingawa mng'ao wake haujafikia ule alioutoa yeye. Nawe mwenye meza ya jiwe jikoni, usiku wa leo vyombo vikishaoshwa, dondosha tone la maji juu yake, ungoje dakika kumi, kisha ulipanguse. Pakiwa peusi, mwite fundi kabla ya kupika tena kwa mawese.