Proksi au VPN: Kagua Kabla ya Kuamini

Serikali ya Kongo ilipokata intaneti baada ya uchaguzi, tangu 31 Desemba 2018 hadi karibu 20 Januari 2019, hakuna VPN iliyomfaa mtu wa Kayna wala wa Butembo. Mtandao ukizimwa wote, kifaa hiki hakina kazi. Februari 2025 ilikuwa kesi nyingine: X na TikTok zilizibwa, mengine yakaendelea. Hapo ndipo uchaguzi kati ya proksi na VPN unapokuwa na maana.

Proksi huchukua ombi la programu moja na kulipeleka kwa niaba yako. Tovuti haioni anwani yako, lakini proksi ya kawaida haiongezi kufuli lolote njiani. Opera Mini, rafiki wa wenye mega chache, hufanya kazi hivyo: seva zake hubana kurasa kabla hazijakufikia. Ni nzuri kwa mfuko. Kwa siri siisifu, maana seva haiwezi kubana ukurasa isioweza kuusoma. Proksi ninayoikubali ni ile ambayo WhatsApp iliiruhusu Januari 2023, kwa kuwa ujumbe hubaki umefungwa na mwenye proksi hausomi.

VPN hufunga mawasiliano ya simu nzima. Kampuni ya simu huona tu kwamba umeunganishwa na seva fulani; yanayopita humo sasa yako mikononi mwa mwenye VPN. Basi mkague yeye kwanza. VPN ya Onavo ilitolewa bure, ikisifiwa kulinda watu, kumbe Facebook, iliyoinunua 2013, iliitumia kuchungulia programu walizozipenda. Mullvad ya Sweden ilivamiwa na polisi Aprili 2023, wakaondoka mikono mitupu: kumbukumbu za wateja hazikuwepo. Huo ni ushahidi. Maneno ya tangazo si ushahidi. Ukitaka ya bure, Proton VPN haikuwekei kikomo cha mega.

Kisha ijaribu. Fungua tovuti inayoonyesha anwani yako ya IP, washa VPN, fungua tena. Sasa hama kutoka Wi-Fi kwenda mega huku ukiendelea kufungua kurasa. Anwani ya Kongo ikichungulia hata mara moja, VPN hiyo inavuja. Kwenye Android, ndani ya mipangilio ya VPN, washa iwe hewani daima na uzuie muunganisho wowote usiopitia humo. Wengi huruka hatua hii, nayo ndiyo muhimu kuliko rangi zote za programu.

Wafanyabiashara wa Butembo waendao Dubai wajue kwamba huko kutumia VPN kufanya kosa kunaweza kuleta faini kuanzia dirhamu 500,000.

Kwa kuokoa mega, chukua proksi. Kwa siri, VPN, na uipakue kabla mitandao haijazibwa. Lakini VPN haifichi picha zilizomo ndani ya simu. Atakayeidai simu yako barabarani ataziona, kwa hiyo zifute kabla ya safari.