Psss! Difu Imebana: Loki ya Hewa Ndani ya Prado, Liverpool ya Sydney

Gari likiwa juu ya stendi na gia ikiwa huru, zungusha gurudumu la nyuma la kushoto kwa mkono. La kulia litazunguka kinyume, ndivyo difu ya kawaida ilivyoumbwa. Sasa bonyeza swichi. Kompresa inanguruma chini ya boneti, inanyamaza, chuma kinagonga "tak" ndani ya difu, na ukizungusha tena lile la kushoto, la kulia linafuata upande uleule, sambamba kabisa. Jamani! Nimelala chini ya magari tangu ujana wangu, lakini sijawahi kupiga kelele gereji kama nilivyopiga siku hiyo. Air Locker imeingia kwenye Prado 120, ipo, inafanya kazi, na siwezi kusubiri gazeti la mwezi ujao kuwasimulia.

Hapa ni Liverpool, siyo ile ya mpira wa Uingereza. Ni Liverpool ya kusini-magharibi mwa Sydney, mji ulioanzishwa na Gavana Lachlan Macquarie Novemba 1810 kando ya mto Georges. Leo ni mji wa Wairaki, Wavietnamu, Wafiji na sisi Waafrika Mashariki tuliotawanyika hapa na pale, na ni mji wa watu wanaopenda magari. Barabara ya Hume inapita hapa, gereji hazihesabiki, na siku ya Jumamosi utaona Patrol, Hilux na Land Cruiser zenye matope ya wiki iliyopita zikipanga foleni kwenye sehemu za kuoshea magari. Ukishika barabara kuu ya M7, ambayo inaanzia hapahapa Prestons, unaiunga na M4, na baada ya saa mbili hivi umeshavuka Blue Mountains uko kwenye mawe na mchanga wa Lithgow. Kwa mpenda magari ya magurudumu manne, huku ni kukaa jirani na uwanja wa mazoezi.

Na kitu chenyewe ni cha huku pia. Inatengenezwa na ARB, herufi za Anthony Ronald Brown, kijana wa Melbourne aliyeanza kutengeneza bampa za chuma mwaka 1975 baada ya safari ya kaskazini mwa Australia kumwonyesha jinsi vifaa vya wakati ule vilivyokuwa vikivunjika porini. Loki yenyewe ilianza kwa jina la Roberts Diff-Lock. ARB wakanunua haki zake mwaka 1987, wakaiboresha na kuiita Air Locker. Tangu hapo imesambaa dunia nzima, na nyumbani Afrika Mashariki utaikuta chini ya magari ya mashindano ya Rhino Charge ya Kenya, ambako timu inapewa saa 10 kufikia vituo 13 porini na mshindi ni aliyetumia umbali mfupi kuliko wote. Umbali mfupi maana yake ni kupita korongoni, siyo kulizunguka. Mashindano hayo yalianza 1989 kuchangia uzio wa hifadhi ya Aberdare, uliokamilika 2009 ukiwa na urefu wa kilomita 400 hivi. Kwa hiyo ninaposema kifaa hiki kimepimwa kwenye ardhi yetu, sizungumzii majaribio ya maabara.

Shida inayotibiwa ni hii. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kwa magurudumu mawili ya ekseli moja huku ikiyaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti, na bila hiyo usingekata kona lami bila kulia kwa matairi. Lakini usawa huo ndio unaokuponza. Gurudumu moja likining'inia hewani, linahitaji nguvu kidogo mno kuzunguka, na lile lililokanyaga ardhi linapata kiasi hichohicho kidogo. Prado 120 inaendesha magurudumu yote manne wakati wote na ina loki ya difu ya katikati, ambayo inahakikisha mbele na nyuma zote zinazunguka, basi. Likitokea gurudumu moja la mbele kushoto limeinuka na moja la nyuma kulia limeinuka, gari la tani mbili linasimama palepale, magurudumu mawili yakisaga hewa na mengine mawili yakitazama. Nani kati yenu hajawahi kusimama hivyo kwenye barabara ya kijijini kwake wakati wa masika?

Air Locker inakaa mahali pa ile nyumba ya gia iliyokuja na gari. Hewa ya kama paundi 100 kwa inchi ya mraba inatoka kwenye kompresa, inapita vali ya umeme, inashuka kwenye mrija mwembamba wa buluu hadi kwenye ganda la difu. Ndani, mrija wa shaba unaipeleka kwenye pete ya kuzuia hewa. Pete hii imetulia huku shingo ya loki ikizunguka katikati yake, na oringi mbili zinalinda njia ya hewa kushoto na kulia. Hebu fikirini uhandisi huo: hewa inahama kutoka kitu kilichosimama kwenda kitu kinachozunguka, ndani ya oili ya moto, bila kuvuja! Ikishaingia, inasukuma pistoni, pistoni inasukuma gia ya kubana, na gia ya ekseli inaungana na nyumba ya difu kuwa kitu kimoja. Zile gia ndogo za kati haziwezi tena kujizungusha, na ekseli mbili zinakuwa kama fimbo moja. Ukizima swichi, hewa inatoka, psss, springi zinarudisha kila kitu mahali pake, na una difu ya kawaida ya kuendea sokoni. Hapo ndipo ninapoipenda zaidi ya loki zinazojibana zenyewe. Zile zinaamua kwa niaba yako, hata kwenye kona ya lami yenye mvua. Hii inakusubiri wewe.

Kazi ya kuifunga, sasa. Wenye Prado mna bahati, kwa sababu kichwa cha difu ya nyuma kinatoka kizima kwa mbele. Unamwaga oili, unafungua propela, unafungua ekseli mbili na kuzivuta nje kiasi, ukiangalia sana nyaya za sensa za ABS na mabomba ya breki yasivutike. Halafu nati 10 kuzunguka ganda, na kichwa kinashuka mikononi. Ni kizito kuliko kinavyoonekana. Weka jeki chini yake, wala usijifanye shujaa.

Mezani ndipo ufundi ulipo, na hapa namsifu kwa moyo wote fundi niliyefanya naye kazi, Mtanzania mwenzetu mwenye mkono mtulivu. Kabla ya kufungua chochote alipiga alama kwenye vifuniko vya beringi, cha kushoto alama moja, cha kulia mbili, kwa kuwa vimechongwa pamoja na nyumba yake na havibadilishani. Akapima mchezo wa meno kati ya kraunwili na pinioni kabla hajavitenganisha, ili ajue kiwanda kiliacha nafasi gani. Kraunwili ile ile ya zamani ikahamishiwa kwenye Air Locker, boliti zikapakwa gundi ya nyuzi na kukazwa kwa spana ya kipimo, kwa mkatano, kidogo kidogo hadi zote zikafika. Nikanyoosha mkono kumsaidia kushika. "Kaka, taratibu," akasema, "meno haya hayana spea."

Kisha kutoboa. Ganda linatobolewa tundu moja la kupitisha mrija wa hewa na kukatwa nyuzi, na vumbi la chuma linalotokea ndilo adui mkubwa wa siku nzima. Tulitoboa kabla ya kupanga beringi mpya, tukaosha, tukapuliza, tukaosha tena. Punje moja ikikaa kwenye njia ya oringi, umejinunulia uvujaji. Mrija wa shaba nao unakunjwa kwa vidole polepole, ukipita mbali na meno ya kraunwili. Baada ya hapo ni kupima: geji ya saa kwenye meno, kuzungusha, kusoma, kurekebisha, kusoma tena, mpaka mchezo umekaa ndani ya kipimo cha Toyota na beringi zimebanwa inavyotakiwa. Akapaka rangi ya kupimia kwenye meno kadhaa, akazungusha, na doa likatokea katikati ya jino, safi. Nawaambia ukweli, ukikuta fundi anayeruka hatua hii, chukua ufunguo wako uondoke. Difu iliyopangwa vibaya italia kwa muda mfupi tu kabla ya kujisaga yenyewe.

Umeme na kompresa havikutusumbua. Kompresa ilipata nafasi chini ya boneti, nyaya zikapita kwenye fyuzi na relei, swichi ikakaa karibu na mkono. Mrija wa buluu uliachiwa ulegevu wa kutosha pale unaporuka kutoka kwenye fremu kwenda kwenye difu, kwa kuwa ekseli hupanda na kushuka, na ukawekwa mbali na egzosi. Maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Kompresa ikajaza, ikazima, ikabaki imezima. Kimya hicho ndicho cheti chako. Kompresa inayowaka na kuzima yenyewe huku hujagusa kitu inakuambia kuna mahali panavuja.

Na porini? Nimeipeleka kwenye uwanda wa Newnes juu ya Lithgow, kwenye ile miamba ya mchanga inayosimama kama minara na njia zenye ngazi za mawe na mashimo yaliyochimbwa na mvua. Sehemu kubwa ya eneo hilo tangu 2022 ni hifadhi ya Gardens of Stone, kwa hiyo angalia kwanza njia ipi imefunguliwa. Nilichagua kipande ambacho gurudumu la mbele linapanda jiwe wakati la nyuma la upande wa pili linashuka shimoni. Bila loki: gari likasimama, tairi la nyuma likavuta vumbi, harufu ya mpira. Nikarudi nyuma kidogo, nikabonyeza. Gia ndogo, mguu karibu haugusi mafuta, na Prado likapanda. Likapanda tu! Hakuna kuruka, hakuna mawe kurushwa nyuma, gurudumu moja likiwa wazi juu hewani na gari linaendelea kama hakuna kilichotokea.

Hiki ndicho ninachotaka mkisikie kuliko vyote. Sisi tumefundishwa kushinda matope na mawe kwa mwendo: rudi nyuma, kanyaga, omba Mungu. Mwendo ule ndio unaovunja springi, unaopasua sampu, unaochimba njia hadi iwe mtaro kwa anayekuja nyuma yako. Loki inaondoa haja ya mwendo. Unapita mahali pagumu kwa kasi ya mtu anayetembea, unaona kila jiwe, abiria wako anaendelea kunywa chai. Sijui kifaa kingine cha gari kinachokufanya uwe na nguvu zaidi na mpole zaidi kwa wakati mmoja.

Loki ina masharti yake. Ikiwa imebana, usikate kona kwenye ardhi ngumu. Magurudumu yote mawili yanalazimishwa kasi moja, usukani unasukuma gari mbele moja kwa moja, na mkazo unaishia kwenye ekseli. Kwenye mteremko wa pembeni wenye utelezi, nyuma yote inaweza kuteleza pamoja kwenda chini, wakati difu ya kawaida ingeacha gurudumu moja likushikilie. Bana kabla ya kuingia kwenye tatizo, magurudumu yakiwa yametulia, siyo wakati tayari moja linazunguka kwa hasira. Achia mara tu ukishapita. Bei nayo inauma: loki peke yake inapita dola elfu moja za Australia, bado kompresa, bado beringi, bado saa za fundi. Na kompresa ndogo inatosha kabisa kwa loki, lakini kujaza matairi manne makubwa baada ya kutoka mchangani inachukua muda. Kama unaenda fukweni mara kwa mara, nunua ile yenye mota mbili tangu mwanzo.

Kwa wasomaji wa Arusha, Nanyuki au Goma wanaoniuliza tayari kwenye simu: ndiyo, itakaa vizuri kwenye Prado zenu, mradi idadi ya meno ya ekseli na uwiano wa kraunwili na pinioni vilingane na loki unayoagiza. Fungueni na mhesabu kabla ya kulipa, kwa maana magari yaliyoingia kutoka nchi mbalimbali yanafanana nje na kutofautiana ndani. Na bomba la kupumulia difu lipandisheni juu, maji ya mto yakiingia yataharibu oili, na oili chafu ndiyo inayokula oringi.

Loki ya mbele bado. Magari ya Rhino Charge yanafunga mbele na nyuma, nami natamani, lakini mbele ya Prado 120 kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake na viungo vya CV ndivyo dhaifu. Ukibana mbele huku usukani umekatwa hadi mwisho, hivyo ndivyo vitakavyopasuka kwanza. Nitaifunga siku nitakapokuwa na viungo vya akiba ndani ya gari na mkono uliozoea kuachia swichi kwa wakati. Kwa sasa ya nyuma inatosha kunifanya niamke saa kumi na moja alfajiri kila Jumamosi bila saa ya kuniamsha.