Anemoni wa Baharini: Tazama Shina Kabla ya Rangi

Anemoni hana mfupa wala gamba, na hilo liliwatesa wataalamu wa zamani. Akitiwa katika pombe au formalini hunywea na kupauka, kwa hiyo kilichofika katika makumbusho ya Ulaya kilikuwa donge la kijivu ndani ya chupa. Mtaalamu alilieleza donge alilopata, akalipa jina. Mwenzake akaletewa donge jingine la mnyama yuleyule kutoka bahari nyingine, naye akatoa jina lake. Karne ya 19 ilipoisha, majina yalikuwa yamewazidi wanyama wenyewe.

Aliyeyachambua majina hayo ni Mmarekani Daphne Fautin, aliyefundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Kansas. Mwaka 1981 alichapisha kazi juu ya anemoni wanaofuga samaki wa jenasi ya Amphiprion, ambao watoto wengi wanawajua kwa jina la Nemo, akabakisha spishi 10 tu. Ufundi wake ulikuwa kumtazama mnyama hai mahali anapoishi, kisha kulinganisha alichokiona na kile kinachoonekana chini ya hadubini: misuli, kuta za ndani na chembe zinazochoma. Mwaka 1992 yeye na Gerald Allen walitoa kitabu cha mwongozo kinachomwezesha mzamiaji kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila hadubini.

Mwongozo huo hauanzi na rangi, na una sababu. Ukahawia wa anemoni hutokana na mwani wa chembe moja unaoishi ndani ya mwili wake na kumlisha kwa nguvu ya jua. Kijani kikali na wekundu mwingi hutokana na protini zinazong'aa zinapopigwa na mwanga wa buluu au wa kijani. Mojawapo, eqFP611, ilitangazwa mwaka 2002 baada ya kutolewa katika anemoni Entacmaea quadricolor, na ndugu zake sasa hutumika maabara kuwashia chembe hai rangi nyekundu. Entacmaea huyo mmoja anaweza kuwa kahawia, kijani au mwekundu kama waridi. Ukimtafuta kwa rangi utadhani ni wanyama watatu.

Swali la kwanza basi ni hili: wayo, yaani sehemu ya chini anayojishikizia, umeshika wapi? Entacmaea huuficha ndani ya ufa wa mwamba, minyiri tu ikachungulia nje, mara nyingi ikiwa na uvimbe karibu na ncha. Stichodactyla haddoni hukaa mchangani na akiguswa hutoweka chini kwa haraka ya kushangaza. Swali la pili linahusu shina, sehemu ambayo wapiga picha wengi huisahau kwa kuwa haina mvuto. Ni laini, au lina vinundu kama chunjua? Vinundu hivyo vina rangi gani? Hapo rangi inaruhusiwa kuingia, maana mahali ilipo ndipo penye ushahidi. Minyiri hufuata: urefu wake, umbo la ncha, na kama imesongamana au imeachana.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mfano mzuri. Samaki Amphiprion akallopisos, mwenye mwili wa rangi ya chungwa hafifu na mstari mmoja mweupe mgongoni, huishi porini na anemoni wa aina mbili tu: Heteractis magnifica, ambaye wataalamu wengi sasa humweka katika jenasi ya Radianthus, na Stichodactyla mertensii. Ukimwona samaki huyo, orodha ya 10 imeshabaki 2. Kisha inama utazame upande. Magnifica hupenda kukaa juu ya mwamba palipo wazi, shina lake la rangi moja kali, zambarau au nyekundu kwa mfano, likionekana vizuri, na minyiri yake ni kama vidole. Mertensii hujitandaza juu ya mwamba akifuata mabonde na vilima vyake, anaweza kupita mita 1 kwa upana, minyiri yake mingi haizidi sentimita 2, na chini ya ukingo ana vinundu vya rangi ya chungwa au ya waridi iliyokolea. Dakika moja inatosha, wala hakuna haja ya kumgusa.

Nyumbani, kwenye tangi, ushahidi huo unavurugika. Amphiprion ocellaris huingia kwa Entacmaea bila kusita, ingawa porini si mwenyeji wake, kwa hiyo samaki hathibitishi kitu. Entacmaea mwenyewe huweza kupoteza ule uvimbe wa minyiri akabaki na minyiri mirefu iliyochongoka. Nazo taa za buluu humfanya mnyama wa kawaida ang'ae kama kito.

Kosa linaloumiza zaidi ni la Heteractis crispa. Mwenye afya ni kahawia au kijivu-kijani, na shina lake ni gumu, la kijivu, lenye vinundu vinavyonata. Madukani huuzwa mara nyingi akiwa mweupe pe na ncha za zambarau, na mnunuzi hulipa akiamini amepata aina adimu. Weupe huo ni ishara kwamba mwani wake umemtoka, na mnyama yuko njiani kufa njaa. Wapo pia wanaotiwa rangi ya njano au ya waridi, biashara ambayo kwa kweli ni udanganyifu mtupu. Macrodactyla doreensis naye huchanganywa na crispa kwa sababu ya minyiri mirefu, ila minyiri yake ni michache iliyoachana, na sehemu ya chini ya shina ni ya rangi ya chungwa au nyekundu. Kuwachanganya kuna gharama, kwa sababu doreensis huhitaji mchanga wa kina cha kutosha kuficha shina lake.

Anayetaka kununua, basi, aombe muuzaji azime taa za buluu, awashe nyeupe, kisha amwonyeshe mnyama kwa ubavu, kuanzia wayo hadi ukingo. Muuzaji akikataa, pesa zibaki mfukoni.