Kichekesho Kivukapo Lugha

Msomaji, katika mji mdogo wa Hadado, magharibi ya Wajir, pana kibanda cha mabati ambamo watu hutazama picha za sinema baada ya sala ya isha. Umeme wake hutokana na jua la mchana, viti vyake ni mbao zilizopigiliwa juu ya magogo, na picha zipendwazo humo kuliko zote ni za Bara Hindi. Lakini Mhindi wa kibanda kile hasemi Kihindi hata neno moja. Huapa kwa Kisomali, hubembeleza kwa Kisomali, na mama yake akimlaani, humlaani kwa Kisomali safi kama mwanamke aliyepotelewa na ngamia. Midomo yake hufunguka kwa neno moja na masikio yetu hupokea jingine, wala hapana anayelalamika.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu miaka michache tu wakati mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliponiuliza swali ambalo chuoni halikutajwa. Alisema, “Mwalimu, yule mtu tuliyemcheka jana usiku, tulimcheka Mhindi aliyesema, au Msomali aliyemsemea?” Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu, na mwalimu asiye na jibu hujishughulisha sana na kufuta ubao.

Swali lile lina umri mkubwa kuliko kibanda chetu. Liliwatia wasiwasi matajiri wa sinema wa Marekani na Ulaya karibu miaka mia moja iliyopita. Katika zama za picha bubu maneno yalikuwa machache, yakiandikwa katika vibao vilivyoonyeshwa kati ya tendo na tendo. Aliyetaka kuipeleka picha ya Paris mpaka Cairo alikata vibao vya Kifaransa, akatia vingine, kazi ikaisha. Mtu aliyetumbukia kisimani alitumbukia kwa lugha zote. Kisha mwaka 1927 ikatoka Marekani picha ya The Jazz Singer, yenye sauti za kuimba na kusema, na kufika 1930 Ufaransa nayo ilikuwa imekwisha ingia katika picha za sauti. Mchekeshaji aliyekuwa mali ya dunia nzima akaamka asubuhi moja akajikuta raia wa lugha moja.

Dawa ya kwanza iliyotafutwa ilikuwa ya ajabu. Kampuni ya Paramount ilishika studio mwaka 1930 huko Joinville, karibu na Paris, na humo picha moja ikapigwa mara nyingi kwa lugha nyingi. Nyumba ilikuwa ile ile, meza ile ile, mlango ule ule. Waliobadilika ni wachezaji. Kundi la Wafaransa likitoka, la Wajerumani liliingia, na baada yao Waswidi au Wahispania, kila kundi likikaa katika viti ambavyo bado vilikuwa na joto la waliotangulia. Kule Marekani, Laurel na Hardy walifanywa waseme Kifaransa na Kihispania wenyewe, wakisoma ubaoni maneno yaliyoandikwa kwa jinsi yanavyotamkwa. Mambo hayo hayakudumu. Gharama ilikuwa kubwa, na ufundi wa kubandika sauti nyingine juu ya midomo ya mchezaji ulipokua, makundi yale yakarudi makwao. Picha nyingi za Joinville zimesahauliwa, na sioni dhuluma katika kusahauliwa kwake: zilihamisha viti na milango, zikaacha nyuma watu waliokuwa wakiishi humo.

Hata hivyo pale pale Joinville mwaka 1931 ilipigwa picha ya Marius, kutokana na mchezo wa Marcel Pagnol, ikiongozwa na Alexander Korda, nayo ilipigwa pia kwa Kijerumani na kwa Kiswidi. Katika mchezo huo pana karata zinazochezwa katika mkahawa wa bandari ya Marseille, na Wafaransa hawachoki kuzikumbuka. Mzee César anataka mwenzake ajue habari ya karata za moyo, lakini kusema ni mwiko. Basi anaugulia kwa sauti ya majonzi kwamba mpinzani wake anampasua moyo. Mara ya kwanza mwenzake haelewi. Mzee anarudia, akimkazia macho, akiupasua moyo wake tena na tena mpaka mkahawa mzima umekwisha elewa isipokuwa yeye.

Mfasiri wa Kijerumani hana shida hapa, maana karata ile kwao nayo huitwa moyo. Sasa mpe kazi hiyo mfasiri wa Kiswahili. Karata zetu ni kopa, uru, shupaza na pau. Moyo hamna! Akiandika “unanipasua moyo” atakuwa amefasiri kila neno na ameua mzaha wote. Lakini kama ni mtu wa kufikiri ataona kwamba lugha yetu imemwekea akiba mahali pengine. Mwache mzee wetu augulie umaskini badala ya mapenzi: dunia imemkalia vibaya, watoto hawana karo, hapana njia tena ila kukopa, naam, ndugu yangu, mtu mzima kama mimi, kukopa! Machozi ni yale yale na udanganyifu ni ule ule. Neno limebadilika kabisa, na César amefika mkahawani Lamu mzima wa afya.

Si kila mzaha unaohitaji mfasiri. René Clair alizichukia picha za sauti zilipoanza, akiogopa kwamba maneno yataua sinema, na chuki hiyo ilimfaa sana alipoanza kuzitengeneza mwenyewe. Katika Le Million, ya mwaka 1931, watu wanagombea koti kuukuu ambalo mfukoni mwake mna tikiti ya bahati nasibu iliyoshinda. Koti linarushwa kutoka mkono hadi mkono katika jumba la opera, na Clair, badala ya makelele ya wagombanao, ametia filimbi na vishindo vya mchezo wa raga. Macho yanaona wezi na waungwana. Masikio yanasikia kiwanja cha mpira. Kichekesho hicho chafahamika Hadado kama Paris, kwa kuwa kimekaa kati ya jicho na sikio, mahali ambapo lugha haijafika.

Huku Afrika ya Mashariki swali la lugha liliingia mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya 1935 na 1937, katika mpango ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, picha za mafunzo zilipigwa zikapelekwa vijijini kwa gari, na maelezo yake yakatiwa katika santuri za lugha mbalimbali. Picha ilibaki moja. Lugha ilibadilishwa kwa kubadilisha santuri. Ni akili ile ile ya vibao vya picha bubu. Santuri haijui kama watu wamenuna au wamecheka. Yaendelea tu kuzunguka.

Wasimulizi wetu wa siku hizi wana jambo ambalo santuri haikuwa nalo. Kenya yuko DJ Afro, Uganda yuko VJ Jingo, na Tanzania alisifika Lufufu. Hao huichukua picha ya kigeni wakaisimulia kwa lugha ya wasikilizaji, na hawajifichi. Msimulizi hukwambia wazi kwamba huyu ni mgeni na mimi ndimi ninayekupa habari zake. Humpa shujaa jina la mtaani, humkemea adui, hukumbusha bei ya unga. Naona uaminifu fulani katika ujasiri huo. Watu wa Joinville walitaka kumsadikisha Mswidi kwamba picha ilizaliwa Uswidi. Msimulizi wetu hamdanganyi mtu. Na sisi ni wazoefu wa jambo hili: Abunuwasi wa vitabu vya hekaya ametoka Baghdad, lakini ni nani pwani anayemwona mgeni?

Lakini wana kosa, na ni la kusikitisha kwa sababu wana kipaji. Hawajui kunyamaza. Ningempa mmoja wao ile picha ya Clair, ningeogopa kwamba filimbi na vishindo vya raga vitafunikwa na maneno yake, tena maneno ya kuchekesha kweli, na mtazamaji angeondoka akiwa amecheka sana bila kukiona kichekesho. Ajuaye kusema kwa niaba ya mwingine hana budi kujua pia mahali ambapo mwingine hakutaka kusemewa.

Kusemea ni njia moja. Njia nyingine ni kuibomoa hadithi na kuijenga tena kwa watu wengine na nchi nyingine, nami nitakuonyesha habari yake kwa mfano unaonigusa kwa kazi yangu. Pagnol alikuwa mwalimu wa Kiingereza kabla ya kuwa mwandishi, na mwaka 1928 mchezo wake Topaze ulionyeshwa Paris. Topaze ni mwalimu mnyofu anayefukuzwa kazi kwa kukataa kuongeza alama za mtoto wa tajiri. Diwani mmoja mlaji rushwa anamwokota ili alitumie jina lake safi katika biashara ya kuuzia mji magari ya kufagia barabara, na taratibu mwalimu huyo anajifunza kazi hiyo hata akampita aliyemfundisha. Mwaka 1933 ukafanywa picha ya sauti, Louis Jouvet akiwa Topaze. Mwaka huo huo Wamarekani wakatoa yao, na John Barrymore. Pagnol mwenyewe aliirudia 1936 na tena 1951, na Peter Sellers akafanya ya Kiingereza mwaka 1961. Misri, Naguib el-Rihani aliugeuza uwe mchezo wa Kiarabu wa jukwaani, akauita kwa jina la pauni ya Kimisri.

Mchezo unaanza kwa imla. Topaze anamsomea mtoto mzito habari za kondoo walio wengi. Katika Kifaransa herufi ya mwisho inayoonyesha wingi huandikwa lakini haisikiki, na mwalimu, kwa huruma, anaitamka isivyotamkwa, akiivuta na kuisukuma ili mtoto apate kuiandika. Kwa Kiswahili hapana cha kufanya: kondoo mmoja ni kondoo, na elfu ni kondoo, na kitenzi humtoboa siri yake mara moja. Mfasiri wa neno kwa neno hukwama mlangoni.

Niliwapa wanafunzi wangu mlango huo waufungue. Walikaa kimya kidogo, kisha yule yule wa swali la kwanza akasema, “Mwalimu, asome neno lenye p.” Yafaa ujue, msomaji, kwamba alfabeti ya Kisomali, iliyotangazwa mwaka 1972, haina p, wala v, wala z, na watoto wetu huandika b kwa haki ya masikio yao. Basi mwalimu wetu anasoma: paa watatu walipita penye kisima. Mtoto anaandika: baa watatu. Mwalimu anaona balaa tatu zikipita kisimani, anashtuka, anarudia neno, anaipuliza p mpaka vumbi la chaki linaruka mezani, na mtoto ameacha kutazama daftari akitazama midomo ya mwalimu.

Nilifurahi, kisha nikaogopa. Darasa jingine lingeweza kumcheka mtoto kwa lafudhi yake, na hapo mchezo ungekuwa umekufa, maana Pagnol anamcheka mwalimu. Isitoshe, mtu huyu anayeitoa p bure kwa huruma ndiye atakayekataa kuuza alama moja kwa dhahabu. Kati ya kutoa na kuuza ndipo mchezo wote uliposimama. Asiyeuona upole wa imla hatauona msiba wa baadaye.

Picha ya Wamarekani ina uchezaji mwema wa Barrymore, lakini waliitoa mwiba. Mahali pa magari ya kufagia waliweka maji ya chupa yenye mapovu, yaliyouzwa kwa jina la Topaze. Ulafi wa halmashauri ukawa hila ya wauzaji vinywaji. Julius Nyerere alifanya kinyume alipofasiri Shakespeare: mfanyabiashara wa Venice akawa Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, na jina lile peke yake likawachoma wasomaji wa Tanzania mahali walipokuwa na kidonda.

Wanafunzi wangu hawakuwa wameiona picha ya Wamarekani, wala sikuwa nimewasimulia. Nilipowauliza diwani wa mji wetu wa kubuni atauza nini, kwa kuwa hapa hapana lami ya kufagiwa, walijibu karibu kwa pamoja: maji. Malori ya maji wakati wa kiangazi, yaliyolipiwa yote na yasiyofika yote, na mwalimu maskini akitia sahihi kwamba ameyahesabu. Maji ya Hollywood yalikuwa na mapovu. Ya Hadado hayakuwa na hata tone, na darasa lilicheka huku baadhi yao wakitazama chini.

Tukaandika mchezo kwa muhula mzima. Siku ya kugawana sehemu niliuliza nani atakuwa Topaze, hapana aliyeinua mkono. Wote walitaka kuwa diwani. Mwalimu nikawa mimi.