Mjomba wa Kwenye Faili
Wengi niliosoma nao Afterlives (2020) ya Abdulrazak Gurnah wanalalamika kwamba inaisha kwa papara. Afiya anamngoja kaka yake, Ilyas, askari wa Mjerumani, miaka nenda miaka rudi. Halafu, katika kurasa chache tu, mwanawe aliyerithi jina la mjomba anakwenda Ujerumani na kumkuta kwenye nyaraka: amefia kambini Sachsenhausen.

Papara hiyo mimi naitetea. Faili husimulia hivyohivyo. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefia kambi hiyohiyo mwaka 1944, tunamjua kwa sababu aliidai serikali malimbikizo ya mshahara wa uaskari, wake na wa baba yake, kisha akakamatwa kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Deni na kosa. Nani alimngoja nyumbani, karani hakuwa na safu ya kuandika.

Kwetu naye yupo aliyechukuliwa na vita ile, mpagazi. Hakudai kitu, hakukamatwa popote. Nikifika kurasa zile za mwisho, namwonea wivu Afiya.