Tuta na Gia: Kwa Nini Namba Mbili Ilivuka Pale Namba Tatu Ilipozima

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mpwa wangu alikwenda pole, na akajikwaa palepale juu ya tuta.

Ilikuwa wiki yake ya pili ya kujifunza udereva. Gari la shule ni dogo, la gia za mkono, lina kibao cha L mbele na nyuma, na upande wa mwalimu kuna klachi na breki za ziada. Mimi nilikubaliwa kukaa kiti cha nyuma kwa sharti moja: nisifungue mdomo. Barabara yenyewe ni ya mtaani, Dar es Salaam, lami nyembamba yenye matuta manne kabla ya kufika barabara kuu. Kila tuta binti yule alilivuka kwa namna yake, na ukiyapanga yote manne utapata somo zima la gia.

Tuta la kwanza: namba tatu, mwendo wa kobe

Alikuwa kwenye kilomita kama 35 kwa saa, gia namba tatu. Alipoliona tuta alikanyaga breki taratibu, vizuri kabisa, hadi mwendo ukashuka kufikia 10 hivi. Lakini mkono haukugusa gia. Magurudumu ya mbele yakapanda, gari likatetemeka kama mtu mwenye homa, likazima. Ya mbele yameshavuka, ya nyuma bado. Bodaboda mbili zikapenya kushoto, pale tuta linapoishia kwenye mtaro, na daladala iliyokuwa nyuma ikaanza kupiga honi.

Mwalimu hakupandisha sauti. "Binti, gia hailioni tuta. Gia inaona mwendo tu."

Tuipime kauli hiyo kwa hesabu. Katika gari dogo la kawaida la gia tano, namba moja huitaka injini izunguke kama mara 3.5 ili shafti inayotoka kwenye giaboksi izunguke mara moja. Namba mbili huhitaji kama mara 1.9, na namba tatu kama mara 1.3. Difu nayo huzidisha tena kwa karibu 4. Gurudumu la gari kama hilo likizunguka mara moja, gari husogea kama mita 1.8.

Sasa chukua kilomita 15 kwa saa, mwendo wa kawaida wa kuvukia tuta la mtaani. Gurudumu linazunguka kama mara 140 kwa dakika. Ukiwa namba moja, injini inazunguka karibu mara 1,950. Ukiwa namba mbili, kama mara 1,060. Ukiwa namba tatu, kama mara 720 tu. Injini ya petroli, gari likiwa limesimama na mafuta hayajakanyagwa, huzunguka kati ya mara 700 na 900 hivi. Maana yake, kwa kilomita 15 namba tatu imeshaibana injini mpaka mwisho wa pumzi yake. Mpwa wangu alikuwa kwenye 10, ambapo namba tatu ingeitaka injini izunguke chini ya mara 500. Gari lilikuwa linakaribia kuzima kabla halijagusa tuta. Tuta lilimalizia kazi tu.

Tuta la pili: namba moja, kwa woga

Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Tuta la pili lilipotokea, akiwa bado kwenye 25, aliingiza namba moja na kuachia klachi kwa mkupuo. Injini ikapiga kelele, pua ya gari ikainama, na sote tukasogezwa mbele kwenye mikanda. Hesabu ileile inaeleza: kilomita 25 kwa namba moja ni zaidi ya mizunguko 3,200, na injini iliyokuwa imetulia ilivutwa kufika huko kwa nguvu ya magurudumu.

Kilichofuata juu ya tuta ndicho wengi hawakijui. Namba moja ina nguvu nyingi kiasi kwamba mguu ukisogea kidogo tu juu ya mafuta, gari zima linaitika. Tuta nalo linautikisa mguu huohuo. Mguu unatikisika, gari linaruka. Gari likiruka, mguu unatikisika tena. Tukalivuka tuta kwa kurukaruka kama chura. Ndiyo maana shauri la "tuta ni namba moja tu", ambalo wanafunzi hupewa na ndugu zao wa nyumbani, halifai kufanywa kanuni. Namba moja ni ya gari lililosimama au linalotambaa mwendo wa mtu anayetembea.

Tuta la tatu: gia sahihi, miguu isiyo sahihi

Safari hii aliingiza namba mbili, na mwendo ulikuwa 15. Nilidhani tumefika. Lakini alilipanda tuta huku ameshikilia klachi hadi chini na breki pia. Tukasikia mkwaruzo chini ya gari.

Makosa ni mawili. Klachi ikiwa chini, injini imetengwa na magurudumu, kwa hiyo hata gia iwe sahihi namna gani, haina kazi. Gari linateleza tu, halivutwi wala halizuiliwi na injini. Breki nayo huuhamishia uzito mbele: springi za mbele zinajikunja na pua inashuka. Tuta linakuta springi zimeshatumia sehemu ya nafasi yake na sampo imekaribia lami. Tuta lilelile ambalo gari lingelivuka salama linaanza kulikwaruza, na pigo ambalo springi na shokapu zingelimeza linaishia kwenye bodi na kwenye mgongo wako.

Tuta la nne: namba mbili, kwa mpangilio

Mwalimu alimtaka aseme kila hatua kwa sauti, naye akasema. Kioo. Breki mapema, mguu mwepesi. Ukipunguza mwendo kwa upole, kutoka 35 hadi 15 unahitaji kama mita 20. Kutoka 50, ambacho ndicho kikomo cha maeneo ya makazi kwa sheria ya Tanzania, unahitaji zaidi ya mita 40. Klachi, namba mbili, klachi ikaachiwa yote, gari likiwa bado kwenye lami tambarare. Hatua chache kabla ya tuta akaachia breki, pua ikainuka. Magurudumu ya mbele yakapanda na kushuka.

Hapo ndipo wengi hukanyaga mafuta, wakisahau kwamba nusu ya gari bado iko nyuma ya tuta. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna kama mita 2.5. Kwa kilomita 15 kwa saa umbali huo huchukua takriban sekunde 0.6. Akasubiri pigo la pili, kisha akakanyaga mafuta. Injini ilikuwa juu kidogo ya mizunguko 1,000, ikaitika bila kugugumia. Daladala ya nyuma haikupata sababu ya kupiga honi.

Si kila tuta ni hilo

Tuta lenye umbo zuri lina historia ya kimaabara. Miaka ya 1970 nchini Uingereza, mtafiti G. R. Watts wa maabara ya serikali ya utafiti wa barabara alipima maumbo mbalimbali, na kutoka kwake likapatikana tuta la mviringo lenye urefu wa mita 3.7 na kimo cha milimita 100. Magurudumu yote ya gari dogo yanaenea juu ya tuta hilo, gari likapanda na kushuka kama mashua juu ya wimbi. Matuta mengi ya mitaani kwetu ni mafupi na makali, mengine yamejengwa kwa saruji na wakazi wenyewe, bila rangi wala kibao. Hayo hupiga ekseli moja baada ya nyingine. Kwa tuta refu na laini, kilomita 25 kwa namba mbili zinatosha. Kwa lile kali kama ngazi, tambaa kwa namba moja.

Tuta lenye pundamilia juu yake usilihesabu kuwa tuta tu: akiwapo mtu anayevuka, simama kabisa, kisha ondoka kwa namba moja. Kwenye mteremko pangua gia mapema zaidi ili injini isaidie kushikilia gari. Kwenye mlima, au gari likiwa limejaa watu na mizigo, namba moja inaweza kuwa jibu hata pale ambapo jana, ukiwa peke yako, namba mbili ilitosha. Na mwenye gari la otomatiki aiache D ilipo. Kuweka N juu ya tuta ni sawa na kosa la tuta la tatu.

Hukumu yangu ni fupi: breki inakuingiza kwenye tuta, gia inakutoa. Mwanafunzi, ukiliona tuta usijiulize linataka namba ngapi. Jiulize utalivuka kwa mwendo gani, uingize gia ya mwendo huo mapema, na unapolipanda mguu wako wa kushoto uwe sakafuni, kando ya klachi.