Mutu hatengenezwi kama pikipiki

Bandugu wa lisansi, na nyinyi mungali kwenye oditwari, wengi wetu tumeangalia filamu ya Thierry Michel ya mwaka 2015, L'homme qui répare les femmes, aliyoiandika pamoja na Colette Braeckman. Serikali yetu iliikataza Septemba 2015, kisha ikaiachilia mwezi uliofuata. Ni filamu ya lazima. Inasema wazi mambo ambayo wakubwa walitaka yanyamaze.

Lakini kichwa chake kinanisumbua. Tukitie katika Kiswahili cha Bukavu: mwanaume anayetengeneza wanawake. Unasikia? Kwetu tunatengeneza redio, tunatengeneza pikipiki. Mutu anatunzwa, kisha anapona. Na neno lile lile lilirudi mwaka 2019 kwenye kitabu Réparer les femmes, ambacho Dokta Mukwege aliandika na mwenzake wa Bruxelles, Guy-Bernard Cadière.

Ajabu ni kwamba Cadière ni bingwa wa kazi inayopinga neno hilo: laparoskopi, operesheni ya matundu madogo. Tumbo halifunguliwi lote. Linajazwa gesi, kamera nyembamba inapita kwenye tundu dogo, vyombo vinapita kwenye matundu mengine, na daktari anaangalia skrini. Kazi ya namna hiyo imefika mpaka Panzi, kwa majeraha ya ndani ambayo ni vigumu kuyafikia kwa njia ya chini.

Ndugu ya kazi hiyo ni ile ambayo Watanzania wanaita tiba radiolojia. Fikiria mama anayevuja damu kisha kuzaa, na dawa zimeshindwa. Kwa kawaida kinachobaki ni kumpasua, na mara nyingine kumtoa kizazi ili asife. Mtaalamu wa tiba radiolojia anaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja ao wa mkono, anaufuata kwa eksirei kwenye skrini mpaka kwenye mshipa unaolisha kizazi, anauziba. Damu ikikatika, mama anabaki na kizazi chake, na ngozini alama ni ndogo sana. Kwa ekografi na sindano, wanatoa pia usaha ulio ndani ya tumbo, ao wanafungulia mkojo figo iliyozibwa.

Sisi wa agronomia tunaelewa jambo hili. Mnyauko wa migomba ulipotuingilia, shauri lilikuwa kung'oa kitalu chote. Leo tunafundisha mkulima akate ule mgomba mmoja mgonjwa, chini kabisa, asafishe panga, kitalu kiendelee kuishi. Ujuzi mkubwa uko katika kukata kidogo. Neno "kutengeneza" halisemi hivyo. Linamweka fundi juu na mwili chini, kama chuma kilichoharibika.

Lawama yangu ya pili ni kwamba kichwa kinasema mwanaume mmoja. Heshima ya Dokta Mukwege ni ya haki. Alishambuliwa nyumbani kwake Oktoba 2012, akarudi Bukavu Januari 2013, na wamama walikuwa wameuza mananasi na vitunguu ili kuchangia tiketi yake. Lakini kutunza kwa picha si kazi ya mtu mmoja. Kuna anayeshika kamera, anayelaza mgonjwa, fundi wa mashine, na umeme usiokatika katikati ya operesheni.

Muhimbili, Dar es Salaam, wanatupa mfano mwingine. Kuanzia 2018, timu za wataalamu kutoka ng'ambo, Yale ikiwemo, walikuja kwa zamu kufundisha. Mwaka 2019 chuo cha MUHAS kikafungua masomo ya masta ya tiba radiolojia. Mwaka 2021 watatu wa kwanza wakamaliza. Shujaa pale ni darasa.

Mtu ataniambia: filamu ile inahusu vita, haihusu mashine. Kweli kabisa, na Dokta mwenyewe hachoki kusema kwamba kutunza majeraha hakutoshi kama wanaojeruhi hawazuiliwi. Ila kichwa cha filamu ndicho kinachozunguka dunia. Msichana wa humanités hapa Bukavu akikisoma, anajifunza kushukuru na kungoja mwokozi. Hajifunzi kwamba kazi hiyo ina masomo, ina miaka, na yeye pia anaweza kuingia. Na Panzi ni hospitali ya kufundishia ya UEA: wanafunzi wako pale kila siku, ni hawa hawa tunaopanda nao taksi.

Nataka filamu nyingine, yenye watu sita mbele ya skrini moja, mmoja wao akiwa mwanafunzi ambaye mkono wake unatetemeka kidogo. Nyinyi wa medesini, tuambieni hapa chini: nani kati yenu anajifunza kazi hiyo, na anakosa nini ili aimalize?